Sintetiki kwenye pikipiki: unamwaga oili kila kilomita ngapi?

Kibaha150 (mleta mada)
Wakuu kwema? Nina Boxer 150, sio ya kijiwe ila naitumia kazini, asubuhi natoka Kibaha naingia Kariakoo nachukua mizigo midogo midogo nasambaza mpaka jioni, kwa siku haipungui kilomita 120. Toka nimeinunua namwaga oili ya kawaida 20W50 kila kilomita 2,000, yaani kila baada ya wiki tatu hivi niko gereji. Sasa kuna jamaa kazini ananiambia naibania injini, niweke sintetiki kamili niwe namwaga kila 5,000, na mwingine akadakia hata 7,000 inafika bila shida. Nimepita dukani kuulizia bei, kwa lita: ya kawaida 10,000, nusu sintetiki 18,000, sintetiki kamili 35,000. Nimebaki njia panda. Wenye uzoefu naombeni ulinganisho, ipi inalipa na ukiweka unakaa nayo kilomita ngapi kwa kweli, sio za kwenye kopo.

Rangi3_kijiweni
1,500 sina mjadala. Ya kawaida. Chombo cha bosi, hesabu kila siku, ikizima njiani nani atanielewa.

fundi_spana17
Mleta mada tulia nikuelekeze maana naona huko ulikotoka watu wanalinganisha pikipiki na Noah. Kwenye gari oili ya injini inahudumia injini tu, gia zina oili yake huko chini. Kwenye Boxer yako lita moja na kidogo hiyo hiyo ndo inapoza pistoni, inalowesha klachi, na kutwa nzima inasagwa na meno ya gia. Oili ya 20W50 au 10W40 inawekewa dawa ya kuizuia isiwe kama maji ikishapata moto, sasa hiyo dawa meno ya gia yanaikatakata kidogo kidogo mpaka oili inakuwa nyepesi. Ndo maana ukikaribia kumwaga unaona gia zimekuwa ngumu, namba mbili inaingia kwa kishindo, kwenye foleni unatafuta nyutro huipati unabaki umeshika klachi mkono unauma. Siku ukimwaga gia zinarudi laini kama siagi. Huo mguu wako wa kushoto ni kipimo kizuri kuliko maneno ya jamaa wa kazini.

Sintetiki inastahimili joto zaidi, haipotei kwa mvuke haraka na inachelewa kuvunjika, hilo ni kweli sibishi. Lakini masizi, vumbi, na petroli inayopenya kwenye ringi haviulizi umenunua kopo la shilingi ngapi, vinaingia tu. Kwenye injini yenye lita moja uchafu kidogo tu ushakuwa mwingi.

Nikupe mfano. Mwezi uliopita nimefungua ya jamaa aliyekaa na sintetiki kamili kilomita 6,800 kwa kujiamini. Nikakinga kwenye kidumu, nikahamishia kwenye chupa za maji za nusu lita, imejaa moja na ya pili imefika robo. Basi. Aliweka lita moja na ushee. Nati yake ya kumwagia anayo ile ya sumaku, imevaa chembe za chuma kama unga uliokandwa na grisi, ukisugua kwa vidole unakwaruza. Oili yenyewe iliyotoka haikuwa mbaya kihivyo, tatizo ni kwamba haikuwepo ya kutosha. Kwa hyo kabla hujauliza kilomita ngapi, uliza kwanza unaangalia kina cha oili mara ngapi?

hesabu_kwanza
Wacha niweke namba maana maneno ni mengi. Kwa bei za mleta mada:
ya kawaida 10,000 kwa kilomita 2,000 = shilingi 5 kwa kilomita
nusu sintetiki 18,000 kwa 3,000 = shilingi 6
sintetiki kamili 35,000 kwa 5,000 = shilingi 7
Ili kamili ifanane na ya kawaida lazima uifikishe 7,000, na hapo hujaokoa hata mia, umetoka sare tu. Mtu anayekwambia sintetiki inaokoa hela kwenye pikipiki ndogo hajakaa na kalamu.

Kihonda_rider
@hesabu_kwanza umesahau hela ya fundi na muda. Kila nikienda kumwaga fundi anakula 3,000 na nusu siku imekufa.

hesabu_kwanza
Sawa tuweke. 13,000 kwa 2,000 ni 6.5, 21,000 kwa 3,000 ni 7, 38,000 kwa 5,000 ni 7.6. Sare inashuka mpaka kama 5,850. Bado ya kawaida iko mbele. Alafu kumwaga oili nusu siku mkuu? Spana moja, kidumu kimoja, dakika kumi na tano unasubiri itiririke, unafanya mwenyewe uani. Hiyo nusu siku labda unapiga stori.

Kihonda_rider
😂😂 haya yameisha

nduthi_ya_Nakuru
Majirani salamu kutoka Kenya. Mimi niko na nduthi ya 150 pia, natumia sintetiki 10W40 mwaka wa pili sasa na sijajuta, lakini sikuinunua ndio nikae nayo muda mrefu. Huku kwetu juu asubuhi ni baridi kweli, saa kumi na moja nikiwasha na ile 20W50 injini ilikuwa inalia juu kule kwa valvu kama cherehani kwa muda kabla oili ifike. Hiyo namba kabla ya W ndiyo inaonyesha vile oili inatembea ikiwa baridi, ndogo ni nyepesi. Nilivyobadilisha ile kelele ikakatika karibu hapo hapo. Makanika wangu ananiambia 4,000 nimwage na mimi hufanya hivyo, siongezi. Kwa hivyo mimi nalipia asubuhi, si kilomita. Nyinyi wa Dar na hilo joto hata sijui kama mtasikia tofauti.

Chunya_vumbi
Mnaongelea lami nyinyi. Huku barabara za machimboni vumbi ni jekundu linaingia mpaka kwenye meno ya abiria. Mimi nilijaribu sintetiki kamili mara mbili kwa pupa, nikakaa nayo 5,000, mara zote ikatoka nzito nyeusi na pikipiki ikaanza kutoa moshi mweupe wa bluu bluu. Nikadhani oili ni feki, kumbe nilipofungua eya klina sponji ilikuwa imepasuka ubavuni, tundu linaingia kidole. Vumbi lilikuwa linapita moja kwa moja linakwenda kusugua silinda na ringi, linaishia kwenye oili. Ringi na bloku nikabadilisha, hapo sisemi ilinigharimu kiasi gani nisije nikalia tena. Sasa ivi ya kawaida, 1,500 kiangazi, na sponji naiosha kila wiki naipaka oili kidogo. Ile hela ya sintetiki nunua eya klina mpya.

kopo_halisi
Nauza vilainishi hivyo msinishambulie. Mambo matatu tu.

Angalia JASO kwanza (alama ya viwango vya Wajapani kwenye kopo) kabla hujaangalia neno sintetiki. Pikipiki ya klachi inayoloa kwenye oili inataka JASO MA au MA2. MB ni ya skuta, imefanywa iteleze zaidi, ukiiweka kwenye Boxer klachi inaslipu.

Pili neno sintetiki lenyewe lina utata. Nyingi zinazouzwa kwa jina hilo ni mafuta ya ardhini yaliyosafishwa sana kiwandani, na Marekani toka 1999 biashara hiyo ilionekana ni halali kuitwa sintetiki, Ujerumani hawakubali kuiita sintetiki kamili. Sio kwamba ni mbaya, ni nzuri tu, ila msidhani kila kopo la 35,000 ndani kuna kitu kimoja.

Tatu makopo feki yapo. Kopo likiisha litoboe, usilitupe zima. Wanayaokota.

klachi_iliteleza
Hapo kwenye JASO naomba niongeze la kwangu. Mwaka juzi nilipewa na shemeji galoni ya oili ya gari, sintetiki kamili 5W30, imebaki baada ya kumwaga kwenye gari lake, nikaona bahati imeniangukia. Nikaweka. Siku mbili shwari, siku ya tatu napanda mlima na abiria na gunia la mkaa, injini inapiga kelele inapanda juu lakini pikipiki haiendi, kama mtu anayekimbia kwenye matope. Abiria akashuka akanisukuma mzee wa watu. Kuja kusoma nyuma ya galoni kwenye duara dogo la API (alama ya ubora wa oili ya Wamarekani) chini imeandikwa Resource Conserving. Oili zenye maneno hayo zina vitu vya kupunguza msuguano, safi kwa gari, klachi ya pikipiki inataka huo msuguano. Nilimwaga nikaweka MA mara mbili mfululizo ndo ikakaa sawa, sahani za klachi zilipona kwa bahati.

Arusha_lita4
Mimi naendesha Africa Twin ya 1000, kitabu kinasema kilomita 12,000 au mwaka mmoja kipi kitangulie. Nafanya hivyo na sina shida. Kwa nini watu wanaogopa kukaa na oili?

fundi_spana17
@Arusha_lita4 mkuu kwa heshima zote, yako ina lita nne na kitu, ina filta ya oili ya maana, ina rejeta ya maji, na inatembea barabara ndefu mwendo mmoja. Ya mleta mada ina lita moja, inapozwa na upepo, na kwenye foleni ya Kimara hakuna upepo. Injini imesimama inaunguruma dakika arobaini spidomita haijahesabu kitu. Hizo dakika oili inapikwa. Ndo maana wa mjini asihesabu kilomita kama wa safari ndefu.

Arusha_lita4
Nimekuelewa fundi.

mgeni_humu
Eti ukishaanza sintetiki huwezi kurudi ya kawaida, injini inakufa? Na ukichanganya inaganda?

kopo_halisi
Hapana na hapana. Unarudi muda wowote na ukipungukiwa njiani ongeza yoyote ya JASO MA yenye namba zinazokaribiana, ni bora kuliko kutembea na upungufu. Ila ile nzuri uliyoilipia utakuwa umeizimua, usiihesabie tena kilomita zake.

Kibaha150 (mleta mada)
Wakuu nimesoma zote, asanteni. Jana Jumapili nimefanya alivyosema fundi, nimeisimamisha pikipiki wima sehemu tambarare, injini imepoa, nikacheki. Iko chini ya alama ya chini kabisa!! Na nina kilomita 1,700 tu toka nimwage. Nikaimwaga yote nikapima kwa chupa, imetoka nusu lita na robo. Miezi yote hii nilikuwa nagombana na aina ya oili kumbe inapungua na mimi sina habari, sijawahi kuangalia hata siku moja, nasubiri kilomita tu.

Nimeweka nusu sintetiki 20W50 MA2, nitamwaga kwa 3,000 na kina naangalia kila Jumapili, ikiendelea kupungua namtafuta fundi aniangalizie ringi. Sintetiki kamili tuachane nayo kwanza, ile 35,000 nimenunulia eya klina na chenji imebaki.

Swali dogo la mwisho, hii oili chafu mnaipeleka wapi? Nimejaza kidumu uani wife analalamika.

Chunya_vumbi
Usimwage mtaroni. Peleka kwa wauza mbao na nguzo, wanapaka kwa ajili ya mchwa, kwangu wanakuja wenyewe na kidumu chao.