Lori linalia kama king'ora likipanda mlima: ni tabo au mpira?

Habari za kazi wakuu, naombeni ushauri. Nina lori la dizeli la tani 7 lenye tabo (turbo, kifaa kinachosukumia injini upepo). Wiki mbili sasa, nikipandisha mlima wa Kitonga na saruji, linaanza kulia fiiii, kama king'ora cha mbali. Nikiachia mafuta, mlio unakata palepale. Nguvu zimepungua na moshi mweusi ni mzito. Likiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), kimya kabisa.

Fundi kasema tabo imekufa, ninunue nyingine. Bei yake ni mtaji wangu wote, ndiyo maana nasita. Jana nimevua mpira unaotoka kwenye tabo kwenda intakula (kipoza upepo wa tabo): chini ya klempu oili imetapakaa, na kuna ufa wa urefu wa ukucha. Shafti ya tabo nimeishika kwa vidole. Inazunguka laini, mbele na nyuma haichezi, pembeni inacheza kidogo tu, mapanga yake hayagusi ukuta. Oili haipungui, moshi wa bluu sijauona.

Mimi nahisi upepo unavujia hapo. Je, ufa mdogo hivyo unaweza kulia kiasi hicho? Na nikishabadilisha mpira, povu la sabuni litanionyesha uvujaji injini ikiwa sailensa, au lazima nijaze upepo wa kompresa? Alhamisi napakia tena.