Malori yanayopita katikati ya makazi: wakazi waanzie wapi?

Swali
Ndugu zangu, barabara ya mtaa wetu imegeuka njia ya mkato ya malori yanayotoka kwenye maghala, nayo huegeshwa kando ya nyumba huku injini zikinguruma hata usiku wa manane. Watoto wenye pumu wanateseka. Tulipolalamika tuliambiwa tulete ushahidi. Baadhi yetu wanataka tuchangishane tununue vipima hewa, wengine wanaona ni kupoteza fedha. Ni ushahidi gani unaoweza kuwafanya wenye mamlaka wachukue hatua?

Jibu la kwanza
Yahesabuni malori kabla ya kununua chochote. Kipima hewa kitawaonyesha kwamba hewa ni chafu, lakini hakitawaambia uchafu huo umetoka kwa nani, na hapo ndipo kila mhusika hupata mwanya wa kukana. Pangeni zamu, muandike saa, idadi ya ekseli (mihimili inayobeba magurudumu), lori linakotoka na linakoelekea, na muda linaosimama bila kuzima injini; fanyeni hivyo siku za kazi na za mapumziko, kwa kuwa tofauti iliyopo kati yake hudokeza ni shughuli gani inayoyaleta. Mkishalijua lango yanamotoka, mtakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Madereva (nisingependa wabebeshwe lawama zote) mara nyingi husubiri mitaani kwa sababu hawakupangiwa saa ya kupakua wala mahali pa kuegesha.

Jibu la pili
Nakubali, ila vipima visidharauliwe. Vile vya bei nafuu hukadiria, kwa kutumia mwanga, chembechembe za hewani zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na unyevu mwingi huvifanya vitoe viwango vya juu kuliko hali halisi. Kwa hiyo vilinganisheni kwanza na kituo rasmi cha kupima hewa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba wastani wa mwaka wa chembechembe hizo usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo.

Jibu la tatu
Mkidai zuio, daini na njia mbadala. Tangu mwaka 1985 London inadhibiti malori yanayozidi tani 18 usiku na wikendi, hasa kwa ajili ya kelele, lakini yenye kibali huruhusiwa kupita katika njia zilizokubaliwa. Pasipo mpango wa namna hiyo mtaihamishia kero kwa majirani wa barabara ya pili, ambao huenda hawasikilizwi hata kama ninyi.

Muuliza swali
Nawashukuru sana. Tutaanza na zamu za kuhesabu, na majirani hao tutawaalika kikaoni kabla ya kuiandikia halmashauri.