Walimu ajira mpya Kigoma: hii fedha ya kujikimu tunalipwa lini?

Wakuu, habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuzificha.

Mimi ni mwalimu wa ajira mpya, mzaliwa wa Masasi. Nimepangiwa sekondari katika mojawapo ya halmashauri nane za mkoa wa Kigoma. Leo ni siku ya 53 tangu niripoti. Nauli sijarudishiwa, ya kujikimu sijaiona, cheki namba (namba ya mtumishi ya kulipiwa mshahara) haijatoka, kwa hiyo na mshahara hakuna.

Kuripoti tulipewa siku 14, na tuliambiwa wazi kwamba asiyetokea nafasi yake anapewa mwingine. Tukatii. Mama aliuza mbuzi wake wawili. Masasi hadi Dar nilipanda basi, Dar hadi Kigoma treni ya reli ya kati, daraja la tatu, begi la vyeti nimelipakata njia nzima. Tabora mabehewa ya Mwanza yakakatwa, sisi wa Kigoma tukaendelea. Nilifika miguu imevimba lakini moyo umejaa, maana kazi hii niliisubiri miaka minne.

Nchi ni moja ila ugeni ni ugeni. Saa kumi na mbili asubuhi kwetu kumeshapambazuka, huku bado giza, na mwalimu wa zamu anatakiwa awe njiani. Sokoni wananisemesha Kiha; wakiona nimeduwaa wanageuza Kiswahili na kuniongezea dagaa. Mboga za kwetu ni za nazi, za huku ni za mawese, nimeshazizoea. Kwa hiyo asitokee mtu hapa kusema nawachukia watu wa Kigoma. Hao ndio wanaonilisha. Anayenitesa ni mwajiri wangu.

Niwaeleze habari ya chumba. Dalali wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, alichukua elfu kumi ya kunizungusha kabla hajanifungulia hata mlango mmoja. Chumba nilichokipenda ni elfu hamsini kwa mwezi, kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali juu yake. Jumla 350,000. Mimi nilibakiwa na 85,000. Nikamwomba mwenye nyumba nilipe mwezi mmoja kwanza. Mzee wa watu akanijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, walimu watatu wamenihama na deni, wote walikuwa wanasubiri mshahara. Siwezi tena." Nilishindwa kumlaumu. Ualimu wetu umefikishwa hapo, kwamba ukijitambulisha kuwa ni mwajiriwa mpya wa serikali ndipo mtu anafunga mlango.

Sasa nimehifadhiwa na mwalimu mwenzangu, dada mmoja mwenye watoto wawili, chumba na sebule. Godoro langu linatandikwa sebuleni saa nne usiku, watoto wakishamaliza kula na kusoma. Maandalio ya somo nayaandika juu ya ndoo ya maji niliyoifunika sinia. Dada hajawahi kuninunia hata siku moja, lakini naona unga unavyopungua, na mimi ni mtu mzima, najua nakula sahani ya nani.

Halmashauri nimekwenda mara nne, kila safari kwa nauli ya kuazima. "Njoo Alhamisi." "Fungu halijaingia." "Aliyeshika faili lako yuko safari." Mara ya nne yule afisa hata macho hakuyainua kwenye simu yake: "Dada, hauko peke yako. Mtalipwa kama malimbikizo."

Malimbikizo! Neno hilo ndilo lililonileta hapa. Kujikimu maana yake nini? Ni fedha ya kumwezesha mgeni kulala na kula siku zile za mwanzo, akiwa hana ndugu wala mshahara. Ukinilipa mwakani hujanikimu, umenirudishia deni nililokopa kwa watu maskini kuliko wewe. Na hii si hisani, ni stahili ya mtumishi anayeajiriwa mara ya kwanza. Kama fungu halikuwepo, kwa nini mlituharakisha na siku 14?

Na madhara yake hayangoji. Kijana tuliyeripoti naye, mwalimu wa Fizikia kutoka Mara, amekopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, 200,000 arudishe 300,000. Mkopeshaji amebaki na kadi yake ya benki na namba ya siri. Mshahara wake wa kwanza katika maisha yake, siku ukiingia, atakayeutoa ni mtu mwingine. Huyo kijana ndiye mwalimu pekee wa Fizikia pale shuleni, kidato cha kwanza hadi cha nne, na wiki iliyopita ameanza kuulizia nauli ya kurudi kwao.

Nimeandika barua ya madai kwa mkurugenzi, kupitia kwa mkuu wa shule. Mkuu ameisoma, ameikunja, akanirudishia bila kuisaini. Anasema nisijichafulie jina mapema. Kesho asubuhi naipeleka tena mezani kwake.

Mlioajiriwa awamu zilizopita, hasa mliopo Kigoma, Katavi na Tabora: mlilipwa baada ya miezi mingapi, na barua zenu mlizipitisha wapi mkuu alipogoma? Tafadhali msiniambie nivumilie, hilo nimeshaambiwa mara nne dirishani.