Partisioni ya zamani ya Der Freischütz imenifikia Katuba: ni ile ya kwanza?

Mpiga Kinanda wa Katuba

Jambo wakubwa. Napiga kinanda kwenye kwaya ya parokia huku Katuba, Lubumbashi. Marehemu mjomba alifanya kazi ya nyumbani kwa wazungu enzi za Union Minière, ile kampuni ya madini, na walipoondoka walimwachia sanduku la vitabu. Chini kabisa nimekuta partisioni (kitabu cha noti) nene ya Der Freischütz, opera ya Carl Maria von Weber: sauti za waimbaji juu, piano chini, maneno ya Kijerumani. Jalada la asili halipo, mtu alishakifunga upya kwa kitambaa cheusi. Karatasi imegeuka rangi ya chai na pembe zinakatika ukizigusa vibaya. Ukurasa wa mbele unasema Leipzig, C. F. Peters. Mwaka hauonekani popote.

Jamaa mmoja anayeuza vitu vya kale mjini amekiangalia kidogo tu, akasema opera ni ya 1821, basi kitabu ni cha 1821, nimpe akipeleke Ulaya halafu tutagawana. Na jirani mwenye mashine ya fotokopi anataka kuukata mgongo ili kurasa zipite vizuri, maana wanaume wa kwaya wamesikia wimbo wa wawindaji kwenye simu yangu na sasa hawanipi amani. Nifuate lipi?

Mwana wa Kipushi

Yaya, usimpe mtu kitu kwa "tutagawana". Kama ni mali, aweke pesa mezani leo.

Papa Mchapaji

Kijana, tulia kwanza. Nimezeeka katika kazi ya uchapaji, na mambo ya noti niliyapenda tangu ujana. Mwaka wa opera na mwaka wa kitabu ni vitu viwili. Der Freischütz ilionyeshwa mara ya kwanza Berlin tarehe 18 Juni 1821, kweli. Lakini partisioni ya kwanza ya sauti na piano ilitolewa na Schlesinger, hukohuko Berlin. Wewe una Peters wa Leipzig.

Fanya hivi. Osha mikono, ikauke. Fungua ukurasa wa katikati karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavu. Unaona fremu iliyozama kuzunguka noti zote, karibu na ukingo wa karatasi? Pitisha kidole polepole juu ya mistari: wino umeinuka? Halafu tazama chini ya ukurasa, katikati, kama kuna namba ambayo mchapishaji hukipa kitabu, na kama inarudi ileile kila ukurasa. Mwisho, soma maandishi madogo kabisa chini ya ukurasa wa mwisho. Leta majibu.

Mpiga Kinanda wa Katuba

Aksanti papa. Fremu hakuna, karatasi ni tambarare. Kidole hakihisi kitu. Namba ipo, ileile mwanzo hadi mwisho. Kwenye ukurasa wa mwisho kuna maandishi madogo, nasoma "C. G. Röder, Leipzig".

Papa Mchapaji

Basi imejisema yenyewe.

Zamani noti zilichongwa kwenye sahani ya metali laini, bati lililochanganywa na risasi (watu wa Manono, bati lenu hilo). Fundi alivuta mistari mitano kwa mkupuo mmoja kwa chombo chenye meno matano, akagonga vichwa vya noti kwa nyundo na mhuri wa chuma, akachonga mikia kwa mkono, na yote hayo kinyumenyume. Sahani ikibanwa kwenye karatasi yenye unyevu, ukingo wake unaacha alama iliyozama. Ndiyo fremu niliyokuuliza. Röder naye alikuwa mchapaji mkubwa wa Leipzig: walichonga sahani vilevile, lakini walihamishia picha yake kwenye jiwe laini la kuchapia (ndiyo litografia) na kuchapa kwa mashine ya kasi. Hapo alama haibaki, na nakala zinatoka nyingi kwa bei ndogo.

Kuna na sheria. Weber alifariki London 1826. Huko Ujerumani, kazi za watunzi waliokufa kabla ya Novemba 1837 ziliachiwa huru tarehe 9 Novemba 1867, na mwaka huohuo Peters wakaanzisha mfululizo wao wa bei nafuu, majalada ya kijani kibichi hafifu kwa kazi zilizo huru. Kwa hiyo chako ni cha baada ya hapo. Ni cha zamani, ni kizuri, lakini adimu sicho. Adimu ni kama partisioni kamili ya Tannhäuser ya 1845, opera ya Wagner: mwenyewe aliiandika yote kwa mkono wake ili ichapwe kwa litografia, nakala 100 tu. Hiyo ukiipata sandukuni, nipigie simu usiku huohuo.

Huyo wa mjini ama hajui, ama anajua sana. Mgongo usikatwe, skochi usibandike, wala usikipeleke kuwekewa plastiki. Funga kwa kitambaa safi cha pamba, weka kwenye katoni juu ya kabati, mbali na ukuta na mchwa. Mvua zikianza, kikague mara kwa mara.

Mama Solfa

Na kwaya isilie. Muziki huo hauna mwenyewe tena, kurasa zake ziko bure kwenye IMSLP, maktaba ya noti mtandaoni, pakua uchape. Wimbo wa wawindaji uko tendo la tatu, sauti nne za wanaume, ufunguo wa Re kubwa. Kwenye opera ni pembe zinazowasindikiza, kwa hiyo kwenye kinanda usiweke sauti ya piano, tafuta ya pembe.

Lakini mwambieni padri hadithi mapema! Max, mwindaji kijana, anatafuta risasi saba za uchawi usiku bondeni ili ashinde shabaha na kumwoa Agathe. Sita zinapiga anapotaka yeye, ya saba anapotaka shetani. Wazee wetu wa dawa ya bunduki wataielewa kuliko mtu yeyote, ila misani sijui.

Mpiga Kinanda wa Katuba

Misani hapana, mama, ni kwa sikukuu ya parokia. Jirani nimeshamnyima. Kijerumani sasa tutafanyaje?

Mama Solfa

Beti ndiyo kazi. Kiitikio chote ni "jo ho" na "tralala", anzeni na hapo.