Baridi ya Julai: nyumba itapashwaje moto, na theluji ipo?

Kutoka: Mama wa Kasarani

Assalaam aleikum wanajumuiya, na shikamooni wakubwa zangu.

Mimi ni mwenzenu wa Tanga, tumehamia Nairobi mwezi wa Mei, mume wangu amepata kazi huku. Tangu Julai ianze jua tunalisikia tu. Asubuhi mawingu, mchana mawingu, jioni manyunyu. Hapa plotini kwetu kuna vijana wanaofuatilia hali ya hewa kwenye simu, na kila usiku wanatumiana nyuzi joto: leo 12, kesho programu inasema 10, keshokutwa 9. Wameshikilia kwamba ikizidi kushuka hivi theluji itaanguka, isipoanguka mjini itaanguka Limuru au Ngong. Wanangu wamelisikia hilo, sasa kila wakiamka wanakimbilia dirishani.

Naomba wenye ujuzi mnijibu mawili. Je, ni kweli jambo hilo laweza kutokea? Na nyumba za huku zinapashwaje moto? Yetu ni ya mawe, sakafu ya vigae, baridi inapanda kutoka chini hadi magotini. Jirani amenishauri niwashe jiko la makaa nje, likishakolea niliingize chumbani tulale nalo.

Kutoka: Dada wa South B

Waaleikum salaam mdogo wangu, karibu Nairobi. La jiko nakujibu kwanza, na nakuomba unisikie: usiliingize. Hata usiku mmoja. Hata mlango ukiwa wazi kidogo.

Watu wanadhani hatari ni moshi, ndiyo maana wanasubiri makaa yakolee nje kwanza. Kinachoua si moshi. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa kaboni monoksaidi, gesi isiyoonekana wala kunuka. Ukiivuta inashikamana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni, na mwili unaanza kukosa hewa huku wewe unaendelea kupumua kama kawaida. Unaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi mzito, na aliyekwisha kulala hajui kwamba anakufa. Kila msimu wa baridi katika jiji hili tunasikia familia iliyokutwa asubuhi hivyo, mlango umefungwa kwa ndani na jiko katikati ya chumba. Mwambie na jirani yako, tafadhali. Na mtu akianza kuumwa kichwa kwenye chumba chenye jiko, mtoeni nje kwenye hewa safi mara moja, kisha hospitali, hata akisema amepata nafuu.

Sasa ufanye nini. Nyumba za Nairobi hazina mitambo ya kupashia moto, kwa hiyo sisi huwa tunapasha watu, nyumba tunaiacha. Vigae vifunike: zulia, mkeka, chochote kitakachotenga miguu na ile sakafu. Watoto wavae soksi ndani ya nyumba kutwa. Usiku tumia chupa ya mpira ya maji moto, ifungwe vizuri, izungushiwe taulo, iwekwe kitandani kabla mtoto hajapanda, kisha uitoe. Maji ya kuoga fundi wa stima atakufungia shawa ya umeme, lakini hakikisha anaweka waya mnene wa kutosha na swichi yake pekee, na waya wa ardhi asiusahau, maana hapo maji na umeme viko pamoja. Hita ya umeme inasaidia, ila ya wati 2,000 inakula yuniti 2 kila saa, tokeni zako utaziona zikiyeyuka. Mimi huiwasha watoto wakitoka kuoga tu, naizima.

Nguo nenda soko la Toi au Gikomba, nenda asubuhi marobota yakifunguliwa. Usinunue koti moja zito ukadhani umemaliza. Nunua nyepesi nyepesi za kuvaa moja juu ya nyingine, fulana ya mikono mirefu ndani, sweta, kisha jaketi, na boshori, yaani kofia ya sufu, kwa kila mtoto. Shuka ya Kimaasai usiidharau, mimi ndiyo ninayojifunika nikiwa sebuleni.

Na hili wageni wengi hulisahau: msifunge madirisha kutwa. Nguo zinazoanikwa ndani, chai inayochemka, pumzi za watu, unyevu wote huo unakwenda ukutani na nyuma ya kabati, baada ya wiki mbili utaona kuvu nyeusi pembeni mwa dari. Saa sita mchana fungua kila kitu, hata kama kuna baridi, acha hewa ipite, kisha ufunge.

Ya theluji namwachia kaka yetu wa Dagoretti, najua ameshaanza kuandika.

Kutoka: Kaka wa Dagoretti

Nimeanza, dada. Ahsante kwa la jiko, hilo lingeandikwa hata kwa herufi kubwa.

Mama wa Kasarani, na hao vijana wako nawapongeza, mambo ya hali ya hewa nayapenda tangu niko mdogo Mombasa. Lakini wanafuatilia namba ya usiku, na baridi ya Julai hapa iko mchana. Nieleze.

Upepo unaotuletea hali hii wewe na mimi tunaujua tangu kuzaliwa: ni kusi. Miezi hii kusini mwa dunia ni majira ya baridi, na kule Bahari ya Hindi karibu na visiwa vya Mascarene kunakaa kanieneo kubwa la hewa inayosukuma upepo kuja kwetu. Pwani ukifika unapoza tu, watu wanafurahi. Ukiacha pwani unaanza kupanda bara, na hewa inayopanda hupoa. Ikifika huku, mita 1,600 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari, unyevu wake unageuka mawingu. Mawingu hayo hayawezi kupanda zaidi kwa sababu juu yake kuna tabaka la hewa yenye joto kuliko yenyewe, limewekwa pale mithili ya kifuniko. Basi yanatanda chini, yanakaa siku nzima, siku nyingine wiki nzima.

Sasa angalieni namba zenyewe. Nina kipimajoto barazani, kivulini, mbali na ukuta. Jana saa moja asubuhi kilisoma 12. Saa nne, 13. Saa tisa alasiri, wakati ambao siku hufika kileleni, 16. Tofauti ya asubuhi na alasiri ni nyuzi nne. Mwezi wa Februari siku ya jua asubuhi inaweza kuwa 12 hiyo hiyo, na alasiri ikafika 27 au 28. Kwa hiyo usiku wa Julai hauko mbali na usiku wa Februari. Kilichopotea ni mchana. Idara ya Hali ya Hewa nayo, ikitoa utabiri wa Juni hadi Agosti, huwa inazungumzia joto la mchana kushuka chini ya 18, na hilo ndilo vijana waliangalie.

Tena mawingu hayo hayo yanayozuia jua mchana ndiyo yanayozuia joto la ardhi kupotea angani usiku. Kwa hiyo kadiri anga inavyofunga, ndivyo usiku unavyokataa kushuka. Ile 9 ya kwenye simu ikitokea, itatokea usiku ambao mawingu yamepasuka na nyota zinaonekana, na siku inayofuata huenda mkaota jua.

Kuhusu theluji. Katika nchi zetu hizi za Ikweta, hewa hufikia sifuri ukipanda hadi kati ya mita 4,500 na 5,000 hivi. Vilima vya Ngong vina mita 2,460 kileleni. Limuru iko kama mita 2,200. Chembe ya theluji ikitoka juu italazimika kupita zaidi ya mita 2,000 za hewa yenye joto kabla haijagusa Ngong, itafika maji. Na mawingu ya Julai hata huko juu hayafiki, ni membamba na ya chini, yale manyunyu yake yanazaliwa maji na kufa maji. Barafu haimo kabisa ndani yake. Hata joto la mjini lishuke nyuzi tano zaidi, wingu la namna hiyo halina cha kuangusha.

Kama wanataka kuona maji yakiganda ardhini, wasubiri kiangazi. Januari na Februari, usiku mkavu, anga isiyo na mawingu, hakuna upepo: Kinangop asubuhi nyasi huwa zimeganda umande mweupe, na wakulima wa chai hupata hasara, majani yanakuwa ya kahawia kama yamepitiwa na moto. Ni miezi ile ambayo sisi mjini tunavaa mikono mifupi mchana.

Halafu moja la nyumba, dada hakuligusa. Julai jua letu linapita upande wa kaskazini. Hizo dakika chache likichomoza, litaingia kwenye dirisha linaloangalia kaskazini, upande wa kusini hautaliona. Mkihama au mkitafuta nyumba nyingine, simama katikati ya chumba cha watoto na uulize kaskazini ni wapi. Mimi nimeishi nyumba ya kusini na nimeishi ya kaskazini, mtaa mmoja, na kuta zake hazifanani kabisa mwezi huu.

Kutoka: Kijana wa Juja

Shikamoo kaka. Mimi ni mmoja wa hao wanaofuatilia, ingawa si wa Kasarani. Nakubali hesabu, lakini Nyahururu mwaka 2008 je? Picha zipo, mlima mzima mweupe, watu wameshika barafu mikononi. Kama ilitokea Nyahururu, na hapa si mbali sana, kwa nini tusitumaini? Tunakaa macho usiku kwa sababu tunalipenda jambo hili kwa dhati, na itakuwa ajabu likitokea hatupo.

Kutoka: Kaka wa Dagoretti

Marahaba mdogo wangu. Endelea kukaa macho, lakini ukae siku inayostahili.

Ile ilikuwa Septemba 2008, eneo la Busara karibu na Nyahururu. Wakazi waliona kilima kimefunikwa cheupe na wengi waliita theluji, nami nawaelewa, ukiiona picha utasema hivyo hivyo. Wataalamu walipoeleza walisema ni mvua ya mawe: mawe madogo yaliyoanguka mengi mno yakashikana chini yakawa tandiko moja. Na mvua ya mawe haitaki baridi ya chini. Inataka joto. Ardhi ichomwe na jua asubuhi, hewa ipande kwa kasi, wingu liote hadi lipite ile mita 5,000 na kuendelea, huko juu matone yagande, yarushwe juu na kushuka na kurushwa tena hadi yawe mazito, ndipo yaanguke kwa kasi yasipate nafasi ya kuyeyuka. Yaani mchana wa jua kali na ngurumo jioni. Nairobi hali hiyo utaipata misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Leo, chini ya mawingu haya bapa, ni siku iliyo mbali nayo kuliko zote katika mwaka.

Kwa hiyo alasiri ya Aprili au Novemba ukiona wingu limesimama kama mnara upande wa Ngong, kilele chake kimetandaa, upepo baridi umekupiga usoni ghafla, hapo ita wenzako. Ingieni ndani kwanza, mawe yanapasua vioo vya magari, kisha yakiisha tokeni na rula mpime. Pimeni kabla hayajayeyuka, andikeni saa na mtaa. Kumbukumbu hizo zina faida, kwa sababu mvua ya mawe huanguka kwenye ukanda mwembamba na vituo vya kupimia ni vichache.

Na theluji ya kweli tunayo. Mlima Kenya, Batian ina mita 5,199, inanyesha theluji hasa misimu ya mvua. Mmisionari Mjerumani Krapf aliuona mlima huo kutoka Kitui mwaka 1849 na weupe wake juu, na huko Ulaya wasomi walikataa kwamba theluji yaweza kukaa Ikweta. Haraka iliyopo ni kwamba barafu ya kudumu inakwisha. Ile ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote pale, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Wanaoipenda baridi waende waione wakati bado kuna cha kuona. Jambo hili linaniuma, sitaficha.

Mama wa Kasarani, wewe uko Thika Road, gari la Nanyuki linapita hapo hapo. Nanyuki iko upande wa kaskazini-magharibi wa mlima, kusi huangusha mawingu yake mengi upande wa pili, Embu na Chogoria. Mlale huko, muamke mapema, saa kumi na mbili na nusu watoto wawe wameshatoka nje, kwa sababu kufika saa tatu au nne mawingu huwa yamepanda na kilele kimefichwa. Weupe ukiwepo, watauona kwa macho yao bila kupanda hata mita moja.

Wewe wa Juja, ukitaka kuigusa, panga Januari au Februari, kwa njia ya Sirimon, na mwongozaji. Lala kambi ya Old Moses, mita 3,300, kisha kambi ya Shipton, mita 4,200 na kitu, na Shipton ulale usiku wa ziada kabla ya kwenda kilele cha Lenana. Kichwa kikiuma sana au ukianza kuyumba, shuka usiku huo huo, usingoje kuche.

Kutoka: Dada wa South B

Naongeza moja tu kwa wa Nanyuki: boshori na soksi mbili mbili, na uji kwenye thermos kwa ajili ya hiyo saa kumi na mbili. Mama wa Kasarani, nina masweta mawili ya mtoto wa miaka sita na jaketi moja, yako safi. Niandikie pembeni nikuletee Jumamosi.