Mwili ukishatengeneza kingamwili, mbona HTLV-1 haitoki?

Mwalimu wa Ahero:
Habari zenu wapendwa. Nafundisha Biolojia Kidato cha Nne hapa Ahero. Jumanne nilikuwa nikieleza kingamwili, zile protini za mwili zinazoshika vijidudu, kijana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, kama mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya virusi vya HTLV-1, mbona mtu hubaki na virusi hivyo maisha yote, na wengine hupata saratani?" Nikamwomba anipe hadi Ijumaa.

Swali lenyewe limenigusa. Mdogo wangu tulimzika 2003 akiwa na miaka saba, kwa uvimbe wa taya, na mama aliambiwa kuna virusi vinavyohusika. Je, ni hivi hivi? Na kingamwili huvizuia vipi hasa? Lile jibu la "hupigana na virusi" tayari ninalo kwenye daftari, halinitoshi.

Fundi wa Maabara, Kondele:
Pole sana mwalimu. Nianze na mdogo wako. Uvimbe wa taya kwa watoto wa huku kwetu ziwani mara nyingi huwa ni Burkitt, uliopewa jina la Denis Burkitt aliyeueleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Virusi vyake ni vya Epstein-Barr, vikisaidiwa na malaria ya kila mara. Hivyo vya Epstein-Barr si retrovirusi, yaani virusi vinavyonakili jeni zao kuwa DNA na kujishona ndani ya DNA ya seli. HTLV-1 ni ukoo wa virusi vya Ukimwi, na ndiyo retrovirusi ya kwanza kugunduliwa kwa binadamu, katika maabara ya Robert Gallo huko Marekani, taarifa ikatoka 1980. Saratani yake ni ya damu na huwapata watu wazima. Wajapani walikuwa wameshaieleza 1977, kabla chanzo hakijajulikana.

Sasa kingamwili. Umewahi kusimama Dunga siku magugu maji yamefunga ufuo? Mashua unaiona, wavuvi unawaona, samaki wamo, lakini hawapati pa kutia nanga. Kingamwili ndiyo magugu hayo, virusi ndiyo mashua. Juu ya ganda la HTLV-1 kuna protini iitwayo gp46. Hiyo ndiyo hushika seli nyeupe ya damu, na sehemu mojawapo inayoshikwa ni GLUT1, mlango ambao seli huingizia sukari. Ikishashika, protini ya pili, gp21, huchomoka kama ndoana, ikadunga utando wa seli na kuuvuta mpaka ganda la virusi na seli vikawa kitu kimoja. Kingamwili ikitua mahali pazuri kwenye gp46, ndoana haifanyi kazi. Pahali penyewe ni padogo ajabu: kuna kingamwili ya panya iliyotengenezwa Japani, LAT-27, inayoshika asidi amino (vipande vinavyounda protini) za 191 hadi 196 tu, na hapo virusi vinakwama.

Tena koti la HTLV-1 halibadiliki sana. Virusi vya Ukimwi hubadilisha koti kila siku, ndiyo maana kingamwili huchoka kuvifukuza. HTLV-1 yenyewe hujishona ndani ya DNA ya seli, kisha husubiri seli igawanyike. Seli ikizaa, virusi vimezaliana bila haraka na bila makosa mengi.

Hapo ndipo lilipo jibu la kijana wako. Virusi hivi haviogelei ovyo kwenye damu. Seli yenye virusi hujibana na seli isiyo navyo, zikapokezana, kama wavuvi wanaohamisha samaki mashua kwa mashua katikati ya ziwa. Magugu ya ufuoni yatawafanya nini? Na seli ambayo virusi vyake vimenyamaza haionyeshi gp46 nje, kwa hiyo kingamwili haina cha kushika. Seli hizo huendelea kugawanyika kwa miaka mingi, na baada ya miongo, watu wachache, kama 5 kati ya 100 au pungufu, hupata saratani.

Mwalimu wa Ahero:
Nimesoma mara tatu. Basi kingamwili hizo zina faida gani?

Fundi wa Maabara, Kondele:
Faida kubwa, ila ziwahi kabla virusi havijaingia. Huko Japani sungura walipewa kingamwili kutoka kwa damu ya watu wenye HTLV-1, kisha wakatiwa damu yenye virusi, na wakakingika. Hilo hunipa moyo kila nikilikumbuka.

Muuguzi, Siaya:
Naongeza kidogo, mimi niko kliniki ya akina mama. Mama humpa mtoto kingamwili kupitia kondo la nyuma. Ndiyo sababu kwa VVU hatumpimi kichanga kingamwili, maana tutaona za mama. Tunachukua tone la kisigino akiwa na wiki sita, tupime virusi vyenyewe. Kwa HTLV-1, kingamwili za mama hudhaniwa kumlinda mtoto miezi ya mwanzo, kisha hupungua huku ananyonya. Maziwa yana seli zenye virusi, na akinyonya muda mrefu, mtoto kama 1 kati ya 5 huambukizwa. Nagasaki walianza kuwapima wajawazito 1987 na kuwashauri wenye virusi wasinyonyeshe.

Tafadhali, mama yeyote anayesoma hapa asimwachishe mtoto kwa sababu ya haya. Hao wa Nagasaki walikuwa wamepimwa. Na mwenye VVU hapa kwetu ananyonyesha huku akimeza dawa zake, afuate anachoambiwa kliniki.

Mwalimu wa Ahero:
Erokamano, dada, na wewe fundi. Ijumaa nitachora mashua mbili ubaoni, na magugu ufuoni. Nitamtaja pia mdogo wangu, sijawahi kumtaja darasani.

Fundi wa Maabara, Kondele:
Mtaje. Na ukichora virusi, hizo gp46 zichore zikiwa zimeshikana tatu tatu, ndivyo zinavyosimama kwenye ganda.