Barabara zikiisha kujengwa Mombasa, pesa za kurejesha mazingira ziende wapi: bustani za kando ya lami au mikoko?

Mkaazi wa Mikindani (mwanzisha mjadala)

Asalamu alekum na hamjambo nyote.

Naleta hoja inayozungumzwa nusunusu vibarazani. Upande huu wa magharibi wa Mombasa haujapumzika na matingatinga kwa miaka. Njia kuu ya kwenda Mariakani inapanuliwa. Barabara ya Dongo Kundu imevuka mikono ya bahari ya Mwache na Mteza kwa madaraja. Makupa nako, lile tuta la enzi za mkoloni lililotenganisha maji ya Tudor na ya Port Reitz limepata mrithi, daraja lililofunguliwa 2022, na sababu mojawapo tuliyopewa ni kuyaacha maji yapite tena.

Miradi ya aina hii huwa na fungu la kurejesha kilichoharibiwa. Nauliza fungu hilo lafanya kazi gani. Ninachokiona ni kuwa pesa hufuata macho ya mwenye gari: nyasi za kununua, mitende ya mapambo, bogenvilia katikati ya lami, mawe yaliyopakwa chokaa. Teremka kidogo kuelekea majini uone. Visiki, matope, na kifusi kilichosahauliwa.

Watafiti waliopima mikoko yetu walikuta kuwa kati ya 1992 na 2009 Tudor ilipoteza karibu asilimia 87 ya mikoko yake, na Mwache asilimia 45. Hizo ni nyumba za kamba na kaa, na ndiko mkizi mchanga hujificha kabla hajatoka kwenda nje. Kwa hivyo nasema wazi: mpaka hali ya majini ibadilike, kila shilingi ya mapambo ya barabarani iende kwenye mikoko. Tena mkandarasi asilipwe kwa idadi ya miche aliyopanda siku ya kupigwa picha. Alipwe kwa miti iliyo hai baada ya miaka mitatu.

Anayepinga aje na hoja.

Fundi wa Barabara

Napinga, na nimefanya kazi hii miaka mingi.

Kwanza, nyasi za kando ya barabara mnaziita mapambo kwa sababu hamjaona mteremko mtupu ukikutana na masika. Udongo wa Miritini na Mazeras ukikatwa na kuachwa wazi, mvua moja kubwa yaubeba wote. Waenda wapi? Wapita kwenye mtaro, kwenye kalvati, halafu moja kwa moja kwenye mkono wa bahari. Watu wa Mwache wanakumbuka El Niño ya 1997 na 1998. Mafuriko yalishusha udongo mwingi kutoka bara, mizizi ya kupumulia ikafunikwa, na mikoko ikafa imesimama. Hakuna aliyeikata. Basi ukichukua pesa za nyasi za mteremko ukazipeleka kupanda mikoko, utakuwa unapanda huku ukiizika.

Pili, tuwe wakweli juu ya Tudor. Mikoko ile iliisha kwa kuni, kwa mapipa ya chang'aa yaliyokuwa yakipikiwa humohumo ndani, na kwa maji taka yanayoteremka kutoka mitaani, Mikindani ikiwamo. Miaka mnayoitaja, 1992 hadi 2009, kazi kubwa za barabara mnazozilalamikia hazikuwa zimeanza. Mbona barabara itozwe deni la kila mtu?

Mama wa Kibarani

Mimi nauza matunda kando ya njia, nami nataka kusema kabla hamjatuondolea miti.

Nyote mwajua Kibarani ilivyokuwa. Jaa la jiji zima lilikuwa mlangoni mwa kisiwa, moshi usiku na mchana, nzi, kunguru, na mvua ikinyesha uchafu wateremka baharini. Mgeni akiingia Mombasa alikuwa akifunga kioo cha gari. Jaa lilipofungwa, taka zikapelekwa Mwakirunge, pale pakafukiwa, pakapandwa nyasi na miti. Watoto wetu waliacha kukohoa usiku. Sasa mtu aniambia kazi ile ni mapambo ya mwenye gari? Mwenye gari anapita. Tunaokaa pale ni sisi.

Ninalolalamikia ni miti inayochaguliwa. Mtende wa mapambo hauna kivuli, hauna tunda, na ukikauka hata kuni njema hautoi. Tupandieni mwarobaini, mkungu, mwembe. Mtu anayengoja matatu saa saba mchana ataka kivuli.

Mvuvi wa Mkupe

Fundi amesema kweli kuhusu udongo na Mama amesema kweli kuhusu kivuli. Lakini nyote mnazungumza kama kwamba mikoko ni mti mmoja, nami hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu hata hao wanaokuja kutupandia hufikiri hivyo.

Nenda kaangalie pwani yoyote yenye mikoko mizima. Mbele kabisa, panapopigwa na maji kila siku, kuna mlilana. Nyuma yake mkoko wenyewe wenye mizizi ya matao, na muia. Kisha mkandaa. Mchu hukaa mbele, na pia hukaa nyuma kabisa panapofikiwa na bamvua tu, yaani yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kwenye chumvi kali. Kila mmoja una mahali pake kwa kadiri ya saa unazofunikwa na maji. Sasa linakuja basi la wapandaji, watu wana fulana mpya, wana magunia ya mbegu za mkoko kwa sababu ni ndefu na ni rahisi kuokota na kuchomeka. Wanachomeka kote, mpaka kwenye tope la mbele ambako mlilana ndio ungeweza. Zile gamba zinazoganda kwenye mashua zinaushika mche, unainama kwa uzito, mawimbi yanaung'oa. Msimu ukiisha hakuna kitu. Halafu kwenye ripoti imeandikwa miche maelfu.

Mimi sitaki kupandiwa kwanza. Nataka maji. Pale ambapo tuta au kifusi kimezuia kupwa na kujaa, toeni kifusi, pandisheni au shusheni ardhi ifike kimo chake, pasueni mfereji. Maji yakiingia na kutoka sawasawa, mbegu huja zenyewe, kwa kuwa miti mizee michache bado ipo. Makupa ndipo pa kutazama. Kama maji ya pande mbili yamekutana tena, chunguzeni miche inayoota yenyewe kabla hamjaleta magunia.

Na jambo la mwisho. Mnasema mikoko, mikoko, hamsemi wavuvi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilisema wavuvi wa Lamu, zaidi ya elfu nne, walipwe karibu shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya mradi wa bandari. Sisi tunaovua chini ya madaraja je?

Mkaazi wa Mikindani

Nimewasikia. Fundi, nyasi za kushika mteremko ni sehemu ya barabara yenyewe, kama kalvati na mtaro, na zinapaswa kulipiwa huko, si kwenye fungu la kurejesha mazingira. Zikihesabiwa mara mbili, mkono wa bahari ndio unaopunjwa. Ninayoitaja ni vitanda vya maua na mitende.

Kuhusu kuni na maji taka, sibishi. Lakini mgonjwa aliyedhoofishwa na wengi hapigwi tena kwa hoja kuwa hukuwa wa kwanza. Barabara inayopita juu ya mahali palipokwisha kupoteza sehemu kubwa ya mikoko yake ina wajibu mkubwa zaidi, kwa sababu kilichobaki ndicho kinachotoa mbegu.

Mama, Kibarani siiondoi hata mti mmoja. Kufukia jaa lililokuwa likivuja baharini ni kuponya bahari. Na hilo la mwarobaini na mkungu badala ya mitende, nakuunga mkono kabisa.

Mwanafunzi wa Sheria

Nichangie upande wangu. Sheria ya Mazingira ya 1999 yataka mradi kama huu ufanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza. Sheria hiyohiyo ina vitu viwili ambavyo watu hawavitaji: amri ya kurejesha mazingira, inayoweza kumlazimisha aliyeharibu apatengeneze, na dhamana ya fedha inayowekwa mapema na mwenye kazi yenye hatari kwa mazingira, ambayo hupotea asipotimiza. Katiba nayo, kifungu cha 70, inampa mtu yeyote haki ya kwenda mahakamani bila kuthibitisha kuwa yeye binafsi amepata hasara. Kwa hiyo hoja ya "wewe yakuhusu nini" imekufa tangu 2010.

Ugumu uko kwenye mipaka ya kazi. Barabara kuu ni ya serikali ya taifa. Bustani na taka ni za kaunti. Mikoko ni msitu wa serikali tangu tangazo la 1932, iko chini ya Huduma ya Misitu. Mkandarasi akiondoka, mti wa kando ya lami hauna mwenyewe wa kuumwagilia maji, na mkoko hauna mwenyewe wa kuulinda na shoka. Sheria ya Misitu ya 2016 yaruhusu vyama vya jamii kusimamia msitu pamoja na serikali. Gazi, kijiji cha Kwale, wamefanya hivyo: tangu 2013 wanauza hewa ya kaboni ya hekta 117 za mikoko, yaani hulipwa kwa kaboni ambayo mikoko hiyo inaihifadhi, na pesa zimeleta maji na kusaidia shule kijijini. Kwa nini Jomvu na Mikindani wasikabidhiwe namna hiyo?

Kijana wa Changamwe

Kukabidhiwa ni kuzuri, ila kulipwe. Vijana wa huku wanaitwa kuchimba mashimo kwa soda na mkate, halafu fundi wa bustani analetwa kutoka mbali na mshahara. Hata kulinda mikoko usiku ni kazi.

Fundi wa Barabara

Hapo kwa kijana niko pamoja naye. Lakini lile sharti la miaka mitatu halitekelezeki kwa mkandarasi wa barabara. Kwa kawaida kipindi chake cha kurekebisha kasoro ni mwaka mmoja hivi. Ukimwambia angoje mitatu, ataongeza bei mara dufu kwa hatari hiyo, na atakayelipa ni mwananchi. Mimi ningeitenga kazi ya majini iwe mkataba wake wenyewe tangu mwanzo, ipewe chama cha jamii na wataalamu wa bahari, ilipwe kwa awamu kadiri mikoko inavyoshika. Iandikwe kwenye BQ, ile orodha ya kazi na bei zake katika mkataba, kwenye mstari wake, ili mtu asiihamishie kwenye maua.

Ila sikubali "kila shilingi". Barabara isiyo na kivuli huua watu kwa joto, nao ni viumbe pia.

Mkaazi wa Mikindani

Mkataba wa peke yake naukubali, ni bora kuliko nilivyosema. Kwenye "kila shilingi" bado nimesimama, kwa vitanda vya maua na mitende, si kwa miti ya kivuli ya Mama. Na huo mstari wa BQ uandikwe baada ya Mvuvi na wenzake kuonyesha panapohitaji mfereji na panapohitaji kuachwa, kwa sababu wao wanapajua bamvua linapofika na maji mafu, yale madogo, yanapoishia.

Mama wa Kibarani

Na sisi tuulizwe miti. Huo mkutano wa kutoa maoni usiwekwe hotelini asubuhi ya siku ya kazi, barua imeandikwa Kiingereza. Ufanyeni Kibarani, Jumapili jioni, tutakuja.

Mvuvi wa Mkupe

Jumapili angalieni majira ya maji kwanza. Yakiwa yamekupwa jioni, mkutano uanzie ufukweni, muone wenyewe mahali udongo wa barabara unapotua.